"Baba Amesafiri": Uongo Tunaowapa Watoto, na Kitabu cha Katuni Ambacho Suam Inakidai

Wasee, leo hakuna video. Kuna kitu kimenikwama kooni karibu mwezi mzima, na kila nikiwasha kamera najikuta nakohoa tu. Kwa hivyo nimeandika. Ni ndefu, tafuta chai kwanza.

Mdogo wangu ana miaka kumi, yuko gredi ya tano. Juzi, siku ya soko, alirudi nyumbani na swali moja: "Kwani mimi ni dada ya nani huko Bukwo?" Kumbe jamaa fulani wa bodaboda alikuwa amemtania mbele ya watu, ati amsalimie mdogo wake wa ng'ambo.

Kwa wale hawajui kwetu, Suam ni mpakani kabisa. Ukitoka Kitale unapitia Endebess, unakuja mpaka barabara inakutana na mto. Huku ni Trans Nzoia, kule ni Uganda, wilaya ya Bukwo. Mtu anaweza kunywa chai huku, akale rolex kule, na arudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Mzee wetu alivuka kwenda kutafuta kazi miaka mitatu iliyopita, na kurudi kwake kukawa kwa wiki, halafu kwa mwezi, halafu kwa Krismasi. Sasa ana nyumba kule, ana mke kule, na ana mtoto kule. Mimi najua. Mathe anajua. Wauza viazi wanajua, na hata wale wa bodaboda, kama tulivyoona. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akiambiwa kila Jumapili, "Baba amesafiri."

Mathe alimjibu kwa ile sauti ya kufunga mlango: "Hayo ni mambo ya watu wazima." Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuongea na watu siku nzima kwa simu, niliangalia chini kama mtu ameangusha shilingi.

Usiku huo alilala akiangalia ukuta. Kesho yake nilifanya kitu ninachofanya nikikosa maneno, nikatafuta kitabu.

Kwenye maktaba moja ya mtandaoni nikaazima Pashmina ya Nidhi Chanani, kilichotoka Marekani mwaka wa 2017. Ni riwaya ya picha, yaani hadithi ndefu ya kitabu kizima iliyochorwa kama katuni, ya watoto wa umri wa mdogo wangu na wakubwa kidogo. Tulikisoma kwa simu yangu yenye kioo kimepasuka, mimi nikitafsiri, yeye akivuta ukurasa kabla sijamaliza.

Stori ni hivi. Kuna msichana anaitwa Priyanka. Anaishi Marekani na mamake, ambaye alitoka India na hataki kusikia mambo ya India. Baba ni nani? Kimya. Mbona tuliondoka? Kimya. Siku moja Priyanka anapata shali ya zamani kwenye sanduku, anajifunika, na ghafla yuko India, ndovu na tausi wakimtembeza kama wageni wa serikali. Na hapo ndipo mchoraji alinishika. Kurasa za nyumbani ni kijivu, karibu hazina rangi. Akijifunika shali, rangi zinalipuka. Hakuna mahali pameandikwa "Priyanka alikuwa na huzuni kwa sababu nyumba yao ilikuwa na siri." Unaiona tu. Mdogo wangu aliiona kabla yangu. Alisema, "Hapa kwao hakuna rangi kwa sababu mamake haongei."

Miaka kumi, wasee. Mimi nilisoma fasihi mihula minne kabla karo ilete noma, na sikuwahi kusema kitu safi hivyo darasani.

Kuna sehemu ingine. Mjomba wa Priyanka, ambaye amekuwa kwake kama baba, anatarajia mtoto wake mwenyewe. Priyanka anaona wivu, halafu anajichukia kwa huo wivu. Tulipofika hapo mdogo wangu aliniambia nisimame. Akairudia hiyo kurasa peke yake. Sikutafsiri, na hakuniomba.

Sasa, kitabu si malaika. Mwisho wake unakimbia mno, Priyanka anafika India yenyewe na mambo yanafungwa haraka kama mtu anaona matatu ya mwisho inaondoka. Ile shali ikianza kuelezwa inapunguza utamu. Lakini kilifanya kitu ambacho mimi, mathe, shule na kanisa hatukuwa tumefanya. Kilimwambia mtoto kwamba familia inaweza kubadilika umbo, kwamba watu wazima wananyamaza kwa sababu zao, na kwamba yeye si mjinga kwa kuhisi kuna kitu. Na kilimwambia bila kumkalisha kitako kumhubiria.

Basi nikaingia Kitale kutafuta cha kwetu. Nilizunguka maduka ya vitabu asubuhi nzima. Kuna vitabu vya mazoezi hadi dari. Kuna hadithi fupi za watoto, zingine tamu, lakini za mtoto ambaye wazazi wameachana nilipata aina moja tu: baba mlevi, mama analia, mtoto anauza njugu barabarani, halafu mwalimu mwema anatokea na mtoto anakuwa daktari. Kwa hizo hadithi, nyumba ikivunjika ni adhabu. Mtoto wa Suam ambaye baba yake hanywi, hapigi mtu, anatuma pesa mara moja moja na anaishi kilomita chache tu ng'ambo, hayumo. Na hao ndio wengi! Hesabu darasa lolote hapa mpakani. Kuna wanaolelewa na kukhu kwa sababu mama yuko Saudia akifanya kazi za nyumba. Kuna wenye majina mawili, moja la upande huu na moja la upande ule. Kuna wanaoitana ndugu na hawajawahi kulala nyumba moja.

Muuzaji mmoja aliniuliza ninatafuta cha gredi gani. Nikasema cha katuni, cha miaka kumi, Kiswahili. Akanionyesha kitabu cha kupaka rangi.

Na si ati Kenya hatujui kuchora hadithi. Hapa nataka niwe muungwana. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, likawa linachekesha na kuuma. Hirst baadaye akachora Pichadithi, ngano za kale kwa michoro. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao, alituachia Akokhan, watu wenye nguvu za ajabu wakipigana kwa mtindo wa hapa Afrika, si wa New York. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo miaka na miaka, mpaka wazee wetu wanamjua kama jirani. Halafu 2010 ikaja Shujaaz, kwa Sheng, bure, na Boyie akirusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Mimi ni mtoto wa Shujaaz. Nilikuwa naisoma kwa kibanda cha M-Pesa mpaka mwenye kibanda anifukuze.

Lakini angalia wote hao wanaongea na nani. Joe ilikuwa ya watu wazima wa mjini. Akokhan ni vita vya majitu. Shujaaz ni ya vijana, mambo ya kuanza biashara, kupiga kura, mapenzi. Mtoto wa miaka kumi aliyekaa kizingitini akisubiri baba wa Krismasi amerukwa katikati. Ni mkubwa kwa vitabu vya kupaka rangi, na ni mdogo kwa Shujaaz.

Na ile ajabu, ile ya shali kukupeleka India, pia tunayo kwa Kiswahili. Tena tunayo kwa jina refu mpaka mwalimu alilazimika kuliandika ubaoni kwa mistari miwili: uhalisiamazingaombwe. Maana yake ni maisha ya kawaida kabisa, halafu jambo lisilowezekana linaingia, linakaa kitini, na hakuna anayeshtuka. Kezilahabi alifanya hivyo kwenye Nagona mwaka wa 1990. Said Ahmed Mohamed akatuletea Babu Alipofufuka mwaka wa 2001, babu mfu anarudi kumkabili mjukuu wake mkubwa serikalini. Wamitila akaandika Bina-Adamu! mwaka uliofuata. Vitabu vikali. Lakini vimefungiwa chuo kikuu, vinasomwa na watu wanaotafuta alama. Yaani ajabu tumewapa wasomi, watoto tukawapa njugu za kuuza.

Nikisema hivi najua atatokea mtu wa kusema Siku Njema. Nami nampenda Ken Walibora kama mnavyompenda, pengine zaidi, kwa sababu alizaliwa Bungoma na pande zetu hizi ziko ndani ya maandishi yake. Siku Njema ilitoka 1996. Kijana anaitwa Kongowea anatoka Tanga, pwani kabisa, anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba ambaye hakumlea. Kitale yetu! Mimi niliisoma sekondari na nikashangaa kwamba mji ambao mimi nauona wa mahindi na vumbi, kuna mtu aliufanya mahali pa kumpata baba. Ile riwaya ilinifundisha kwamba kumtafuta mzazi ni stori kubwa, haihitaji kuombwa radhi. Walibora aligongwa na matatu Nairobi Aprili 2020. Odoi naye alikufa kwa ajali ya matatu, Aprili 2012. Sijui niseme nini kuhusu hilo, nimeliandika tu.

Ila Siku Njema ni ya sekondari, na haina picha. Mdogo wangu ataifikia akiwa na miaka kumi na sita. Swali lake liko hapa saa hii.

Mtu mmoja wa kanisani, rafiki ya mathe, alisikia mipango yangu akaniambia niache kuwaingizia watoto uchawi. Nilimheshimu, ni mama yangu kwa umri. Lakini nilimuuliza, je, Mango? Kila Mbukusu anamjua Mango. Joka kubwa lilikuwa linamaliza watu, likamnyang'anya wanawe, naye akalivizia pangoni na kulikata kichwa. Baada ya hapo akatahiriwa, na ndiyo maana mpaka leo, kila Agosti ya mwaka shufwa, kengele zinalia Bungoma na hapa Trans Nzoia na vijana wanakimbia vijijini kualika watu. Hiyo ni stori ya baba aliyepoteza watoto akaenda kuingia gizani. Ni familia na ni ajabu, zote kwa chungu kimoja. Hakuna aliyeita hiyo uchawi, inaitwa mila. Mama wa watu akacheka, akasema mimi nina mdomo.

Na kama hutaki Mango, toka nje uangalie mlima. Kwenye mbuga ya Mlima Elgon kuna pango la Kitum. Ndovu huingia humo usiku. Si ati wanajikinga mvua mlangoni, hapana, wanaingia ndani kabisa, kwenye giza ambalo hata ukiweka mkono mbele ya uso huuoni, wakipapasa njia kwa mkonga, na wakifika wanachimba ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Pango lenyewe linaingia mlimani kama mita 200. Wadogo wanajifunza njia kwa kufuatana na wakubwa. Huo si uhalisiamazingaombwe, ni Jumanne ya kawaida Trans Nzoia. Chanani alihitaji kumfanya ndovu aongee. Sisi wetu wanatembea ndani ya mlima kimya na bado ni ajabu kumshinda wake.

Halafu mto wenyewe. Suam inazaliwa juu kabisa ndani ya bakuli la kreta ya Elgon, kule kwenye chemchemi za maji moto. Inashuka, inakuwa mpaka wa nchi mbili, inapita kwetu, inaingia Pokot, na mbele huko watu wanaiita Turkwel, na kwa jina hilo ndiyo inafika Ziwa Turkana. Maji ni yale yale. Mtoto ambaye shuleni ana jina moja na ng'ambo anaitwa lingine, ukimwonyesha ramani ya huo mto, huna haja ya kuongeza neno.

Sasa mtasema, bro, uchapishaji wa rangi ni ghali, nani atanunua? Kweli, ni ghali. Na wachapishaji wetu macho yao yako kwa vitabu vya shule, vile vinavyopitishwa na KICD, kwa sababu huko ndiko pesa iko. Kitabu cha katuni kinachosema baba ana nyumba ingine, ni nani atakipeleka kwenye hiyo meza? Siwalaumu sana, wana mishahara ya kulipa. Lakini Pashmina yenyewe nusu ni kijivu! Rangi imewekwa mahali inafanya kazi tu. Tunaweza kufanya wino mweusi na rangi moja, kijani ya mahindi ya Julai kwa mfano, na iingie pale tu ajabu inapoingia. Na ukiiweka kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, picha nyepesi, mtoto anaisoma na bando ya shilingi ishirini. Shujaaz ilitufikia kwa vibanda vya M-Pesa. Njia zipo.

Kitu ambacho sitaki, na hapa nitakuwa mkali, ni mtu achukue hii wazo aifanye kampeni. Unajua zile katuni za mashirika, mtoto anauliza swali na mtu mzima mwenye fulana nyeupe anajibu kwa aya tatu. Mtoto anaruka hizo kurasa. Mimi niliziruka. Na sitaki mwisho wa baba kurudi na kila mtu kukumbatiana. Mdogo wangu angejua ni uongo kabla hajafunika kitabu, na ameshapewa uongo wa kutosha.

Basi nimeanza. Nina rafiki Kitale, kazi yake ni kuandika mabango ya maduka na kuchora matatu. Mkono wake ni moto. Tulikaa wikendi mbili, tukatoa kurasa nne. Hadithi ni ya msichana wa Suam anayeteka maji mtoni kwa mtungi wa njano wa lita ishirini. Akifika nyumbani na kufungua kifuniko, anasikia sauti ya babake ndani ya maji, akiongea mambo ya kawaida tu, anauliza bei ya sabuni, anamwita mtu amletee koti. Kwa sababu ng'ambo naye anaogea huo mto. Ndiyo hivyo. Hakuna anayeshtuka.

Nilimpa mdogo wangu asome. Alisoma kurasa zote nne bila kucheka, kisha akaniambia kuna makosa.

"Makosa gani?"

"Maji ya mtoni hatunywi bila kuchemsha. Mathe akiyachemsha, sauti inaenda wapi?"

Mimi na huyo rafiki yangu, watu wazima wawili, hatukuwa tumefikiria hiyo kitu. Na ndiyo hadithi yenyewe! Mama wa huyo msichana anachemsha maji kila jioni. Anajua au hajui anachochemsha? Tulirarua ukurasa wa nne tukaanza upya.

Usiku niliacha karatasi mezani. Asubuhi nikapata mathe ameziweka vizuri, zimepangwa, juu yake ameweka kikombe zisipeperuke. Hakusema chochote. Alinipa chai. Alipokuwa anafunga leso atoke kwenda sokoni akauliza, bila kuniangalia, "Huyo mama kwenye picha, mbona umemchora amekasirika hivyo?"

Nikamwambia hatujamaliza, tunaweza kumbadilisha.

"Si hasira," akasema. "Amechoka tu. Mchoreni amechoka." Akaenda.

Jioni hiyo alimwita mdogo wangu jikoni wakafunga mlango. Walikaa sana. Sijui walisema nini na sijauliza, ila ugali uliungua na hakuna aliyelalamika.

Mdogo wangu alipotoka alichukua penseli. Kwenye ukurasa wa pili, ule wa mto, upande wa Bukwo, amechora mtoto mdogo amekaa kwenye nyasi. Kichwa kikubwa kuliko mwili, mikono kama uma. Rafiki yangu alisema tusikiguse, tukichapishe vile vile, na mimi nakubaliana naye. Tatizo ni ukurasa wa tano, kwa sababu sasa kwenye mtungi kuna sauti mbili, na moja bado haijajua kuongea. Kama kuna mtu hapa anajua kuchora maji yanayochemka, si mvuke wa kawaida, namaanisha mvuke ambao una mtu ndani, niandikie. Malipo ni chai na nusu ya chochote kitakachopatikana, ambayo kwa sasa ni nusu ya sufuri.